Nukta Kwenye Chenga

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE. Mnaarifiwa kwamba birika la umeme lililokuwa katika chumba cha mapumziko cha ghorofa ya pili limehamishiwa ghorofa ya chini, ndani ya ofisi ya Katibu, hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Uhamisho huu umefanywa kwa manufaa ya wote. Watumishi watakaopata usumbufu wanaombwa kuuvumilia. Suala la mahali pa kudumu pa birika litafikishwa mbele ya Kamati.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mapumziko kwa gundi nyingi kuliko uzito wake ulivyohitaji, na mtu wa kwanza kulisoma alikuwa Bado, kikombe kitupu mkononi. Alilisoma mara mbili, kama alivyosoma kila kitu, na mara zote mbili hakuona mahali palipoeleza hao wote walionufaika ni akina nani.

Bado halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mhakiki wa taasisi ya utafiti wa anga. Watazamaji wa anga walipodhani wameona mwezi mpya ukiizunguka sayari kubwa ya Mshtarii, walimletea picha zao, naye akazipima na kutoa hukumu kwa neno moja. Kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa "bado". Vijana wa ofisi walilifanya utani, wazee wakalizoea, na mwishowe mkewe mwenyewe akalihamishia nyumbani. "Bado, umeshiba?" alikuwa akimuuliza mezani. "Bado," alijibu, na uso wake haukuonyesha lolote. Mkewe hakuhitaji uonyeshe. Alikuwa mtazamaji hodari, na alijua kusoma vitu visivyotoa mwanga wao wenyewe.

Mke huyo alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua zilizopita.

Ni lazima hapa kueleza jambo moja, kwa kuwa bila hilo huzuni ya mtu huyu itaonekana ya kawaida, na hakuna mwenye huzuni anayependa hivyo. Mshtarii ina miezi minne mikubwa inayojulikana hata na watoto wa shule, inayoizunguka kwa adabu, karibu na kiuno chake. Mbali zaidi ipo mingine, midogo, mawe matupu, mengine hayafikii upana wa mji wa wilaya. Njia zake zimeinama na kurefuka kama yai, na mingi inakwenda kinyume na sayari yenyewe inavyojizungusha. Pale ofisini iliitwa watoro. Lakini hata watoro hawa hawaendi ovyo kabisa. Wamo katika makundi, na kila kundi, kwa kadiri wataalamu wanavyoweza kukisia, ni mabaki ya mwezi mmoja uliogongwa zamani sana ukavunjika. Vipande havikupotea, wala havikurudiana. Kila kimoja kinakwenda peke yake katika njia inayofanana na ya wenzake, na kati ya kimoja na kingine kuna mamilioni ya kilomita. Wageni wakielezwa habari hii huguswa, kisha huanza kutaja ndugu zao. Bado alikuwa na desturi ya kuwakumbusha kwamba ni mawe.

Mkewe naye alikuwa mtazamaji wa taasisi, na mtoro aliodhani ameugundua ulikuwa wa kundi la tatu. Aliuona kwa siku chache tu mwishoni mwa msimu mmoja, hafifu kiasi kwamba wenzake walimwonea huruma, kisha Mshtarii ikapita nyuma ya Jua na kila kitu kikafungwa. Desturi ya taasisi ilikuwa wazi: mwezi haupewi jina mpaka uonekane tena baada ya sayari kutokea upande wa pili. Kabla ya hapo una namba ya muda tu. Kulitaja jina mapema kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kualika watu arusini kabla posa haijajibiwa.

Mkewe alikuwa na jina tayari. Hakumwambia.

"Wewe ndiye hakimu," alimwambia, akikunja nguo kitandani. "Nikikuambia jina utaupenda. Ukiupenda utauona hata mahali ambapo haupo."

"Mimi?"

"Wewe zaidi ya wote. Wenzako wanapenda kila kitu, wamezoea. Wewe hujazoea, itakuua."

Jina akamwambia mdogo wake, ambaye ndiye alikuwa Katibu wa taasisi, na akamwapisha: asiliandike popote, asilitaje kwa mtu, mpaka siku shemeji yake atakapotamka "ndiyo". Mshtarii ilipojitokeza tena, mkewe alikuwa amelazwa hospitalini, wodi ya mwisho kwenye korido, na mwezi haukuwepo mahali ambapo hesabu ziliuweka. Siku zake chache za kuutazama hazikutosha kuijua njia yake vizuri. Kosa dogo mwanzoni mwa njia huzaa kosa kubwa mwisho wake, na anga ni pana. Alimuuliza mumewe kila alipokuja na chupa ya uji. "Vipi?" Naye, kwa sababu hakuwahi kumdanganya na hakujua jinsi ya kuanza, alijibu, "Bado."

Siku ya maziko mtu mmoja mwenye nia njema alimshika mkono akamwambia kwamba marehemu sasa yuko kati ya nyota alizozipenda. Bado alijibu kwamba marehemu yuko kwenye makaburi yaliyo nyuma ya mitambo ya maji, na kwamba hakupenda nyota, alipenda miezi. Mtu huyo aliuachia mkono.

Kwa hiyo duniani kulibaki neno moja la mkewe ambalo hakuwahi kulisikia, nalo lilikuwa kifuani mwa shemeji yake. Tangu maziko alikuwa akimkwepa mwanamke huyo. Alipita mlango wa nyuma. Alituma barua zake kwa tarishi. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu, lakini alikuwa mtu wa chai, na sasa birika lilikuwa limehama.

"Karibu, shemeji," alisema Katibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kumbe dawa yako ilikuwa birika."

"Nimefuata maji."

"Najua. Ningejidanganya kwamba umenifuata mimi ningechekwa." Akamtazama. "Umekonda. Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini, karatasi? Hilo shati linakuning'inia kama pazia la gesti. Dada angekuona angenilaumu mimi."

Bado alijaza birika, akabonyeza swichi, akasimama akilitazama kana kwamba lingeweza kutoroka. "Nani aliandika lile tangazo?"

"Mimi."

"Kwa nini limehamishwa?"

"Si umelisoma? Kwa manufaa ya wote." Kisha sauti yake ikaacha utani. "Kamati inakaa Alhamisi. Wewe hufungui tena barua zangu, kwa hiyo nakuambia kwa mdomo. Birika ni ajenda ya sita. Ya saba ni mwezi wa dada. Msimu mzima umepita tangu Mshtarii itokee, haujaonekana. Mwenyekiti anasema kanuni ni kanuni, ufutwe."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi."

"Ndiyo, na imeandikwa vizuri, hongera." Akavuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Ukifutwa, shemeji, hakutakuwa na wa kusema 'ndiyo' kwa lolote. Nitabaki na jina la kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Nitalifanya nini? Nimpe paka?"

Birika lilizima lenyewe. Bado akamimina, akashukuru, akapanda ngazi. Kikombe kilipofika juu kilikuwa kimepoa, na hilo nalo hakuliona kuwa manufaa ya wote.

Alikuwa na picha. Darubini kubwa, iliyo mbali sana na pale, ilikuwa imelipiga kundi la tatu picha nyingi mfululizo, na zilikuwa zimemfikia wiki ile. Mtoro mdogo kiasi hiki haonekani katika picha moja. Katika picha moja kuna nyota, na kuna chenga, zile nukta za ovyo zinazojaa kwenye kila picha yenye giza kama zinazojaa kwenye televisheni iliyokosa kituo. Kwa hiyo hufanywa hivi: mpimaji huchagua njia anayodhani mwezi unaifuata, kisha huzipanga picha moja juu ya nyingine, kila moja ikisogezwa kidogo kulingana na njia hiyo. Nyota, kwa kuwa hazikusogea hivyo, huchorwa kama mikwaruzo. Chenga hufutana. Na kitu kilichokwenda njia ile hasa, kama kipo, hujirundika mahali pamoja na kuwa nukta.

Ni mbinu nzuri, yenye dosari moja, na Bado ndiye aliyeifundisha dosari hiyo kwa watu wote wa jengo lile. Ni lazima uchague njia kwanza. Ukichagua njia nyingi mno, chenga zenyewe zitakufanyia hisani: mahali fulani, kwa bahati tu, zitarundikana na kukupa nukta nzuri ajabu. Anayetafuta sana hatimaye hupata, iwe kitu kipo au hakipo. Alikuwa amewarudishia watazamaji wengi nukta za namna hiyo. Wengine walilia. Mmoja aliacha kazi akafungua duka la miwani.

Siku ya Jumanne alijaribu njia ambayo mkewe alikuwa ameikadiria. Hakukuwa na kitu. Akaisogeza kidogo. Hakukuwa na kitu. Akaendelea kusogeza, mchana ule na asubuhi iliyofuata, juu na chini, mbele na nyuma, njia baada ya njia, mpaka akaacha kuzihesabu, yeye aliyewakataza wengine kuacha kuhesabu. Ilikuwa karibu na saa ya chakula cha mchana Jumatano alipoiona. Nukta. Ndogo, ya duara, iliyosimama imara katikati ya mikwaruzo ya nyota, katika njia ambayo kipande cha kundi la tatu kingeweza kabisa kuwa nayo.

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Nukta ilikuwapo. Aligundua kwamba anaongea. Alikuwa anasema, kwa sauti ya chini, kumwambia mtu aliyekuwa akikunja nguo: "Umejificha wapi muda wote huu?"

Kisha akafanya kipimo chake. Barua yake ya kuwakatalia watu ilikuwa na sentensi moja isiyobadilika: picha zigawanywe kwa zamu, moja fungu hili, ya pili fungu lile, na ikiwa nukta haimo katika mafungu yote mawili, haimo. Akazigawa. Katika fungu la kwanza nukta ilikuwa inang'aa. Katika fungu la pili palikuwa na chenga tu.

Alikaa muda mrefu akilitazama fungu la pili.

Baadaye alifanya jambo ambalo kama lingefanywa na mtazamaji kijana angemwandikia barua ya kurasa mbili. Alizirudisha picha pamoja na kuzigawa upya kwa namna nyingine: nusu ya mwanzo huku, nusu ya mwisho kule. Namna hiyo nukta ilionekana katika mafungu yote mawili. Hafifu, lakini ilionekana. Na hakuna kanuni iliyokataza kugawa hivyo, kwa sababu aliyeandika kanuni hakufikiri kwamba mtu angejaribu. Aliandika taarifa. Ilikuwa fupi, na kila neno lake lilikuwa kweli. Akaichapa, akachukua kikombe, akashuka.

Shemeji yake aliisoma taarifa akiwa amesimama. Alipofika mwisho alikaa, si kwenye kiti chake bali kwenye kile cha wageni, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Umeupata."

"Taarifa inasema kuna nukta katika njia inayolingana na kundi."

"Shemeji, niongeleshe Kiswahili. Umeupata?"

Bado alijaza birika. Lilichukua muda kuanza kuunguruma.

"Dada, dada," alisema Katibu, akijipangusa macho kwa kiganja huku akicheka. "Aliniambia, 'Atauona, ila atachelewa, yule hata kwenye harusi yake alichelewa.' Na leo nani atakuandikia wewe ile barua yako? Nimeichapa mpaka vidole vinaijua vyenyewe." Akaikaza sauti, akaifanya nzito na kavu kama ya shemeji yake, kidole juu. "'Picha zigawanywe kwa zamu, moja fungu hili, ya pili fungu lile, na ikiwa nukta haimo katika mafungu yote mawili...' Leo mhakiki kahakikiwa! Haya, kaa chini. Kaa nikuambie jina lake. Aliuita..."

"Usiseme."

Katibu akageuka kumtazama.

"Nilizigawa kwa zamu," alisema Bado, akiliangalia birika. "Haimo. Ni picha chache mbovu, na zote zimeangukia fungu moja. Nikazigawa namna nyingine nikaiona. Ningeendelea kugawa ningeiona popote. Ningeweza kuiona kwenye ukuta huu."

"Lakini hapa umeandika..."

"Nilichoandika ni kweli. Ndiyo ubaya wake."

Alinyoosha mkono. Shemeji yake hakuirudisha taarifa. Aliikunja mara mbili, akaiweka mapajani, akaifunika kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

"Na mimi nikuambie jina tu," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Dada hayupo, shemeji."

"Angekuwepo ningemwomba ruhusa."

"Unafikiri alitaka hivi? Aliweka sharti kwa sababu alijua utaupata. Ulikuwa mchezo. Mchezo wenu wa mezani, umeshiba, bado. Hakuna aliyekusudia mtu afe katikati."

Katika vitabu vyote alivyosoma Bado, na alikuwa amesoma vingi, hakukumbuka hata kimoja kilichoeleza mtu afanye nini na mchezo uliobakiwa na mchezaji mmoja.

"Nitakuambia kinachoniuma," alisema shemeji yake, na safari hii hakumtazama. "Nimeanza kulisahau. Juzi nilikuwa nachambua mboga, nikalitafuta kichwani, halikuja. Nikaacha mboga. Nikazunguka nyumba nzima, jikoni, uani, kama mtu aliyepoteza funguo. Lilikuja mwishowe, lakini lilichelewa. Aliniapisha nisiliandike na sijaliandika. Siku moja halitakuja kabisa. Utakuja hapa na ndiyo yako mkononi, na mimi nitakuwa sina cha kukupa."

Birika lilikuwa linachemka. Mvuke ulipanda ukagusa kioo cha dirisha ukatulia hapo. Bado aliutazama mvuke huo kama anavyotazama picha yenye chenga, akitaka kujua kama kile anachokiona kipo.

"Nikilisikia leo," alisema, "sitautafuta tena. Nitakuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Na yeye alikuwa anautaka mwezi."

"Alikuwa anakutaka wewe uutafute," alisema shemeji yake. "Hayo ni mawili."

Swichi ya birika ikaruka. Bado aliomba taarifa yake kwa mara ya pili, na mara hii akapewa. Akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni, akatoka. Kikombe alikisahau. Katibu alikitazama kwa muda, kisha akamimina maji ndani yake na kukiacha kipoe mezani.

Alhamisi Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano, chenye meza ndefu, viti vya plastiki na picha ya Mshtarii iliyofifia upande mmoja kwa jua la dirishani. Ajenda ya sita ilichukua nusu ya kikao. Wajumbe wa ghorofa ya pili walisema kwamba birika la ghorofa ya chini ni dhuluma. Wa ghorofa ya chini walisema kwamba hawajawahi kuwa na birika na hakuna aliyeliita hilo dhuluma. Katibu aliandika yote. Kisha Mwenyekiti, mzee mpole aliyechukia kuumiza mtu na kwa hiyo akawaumiza wengi polepole, akasafisha koo.

"Ya saba. Mwezi wa marehemu." Aligeukia upande wa pili wa meza. "Mhakiki. Nasikia darubini kubwa ilikupa picha. Umeuona?"

Kalamu ya Katibu ilikuwa juu ya karatasi. Chumba kizima kilimtazama mtu aliyeulizwa, naye alikuwa akiitazama ile picha ya ukutani, upande uliofifia.

"Bado," alisema.

Mtu mmoja mwishoni mwa meza alicheka kwa mazoea, kisha akagundua, akajifanya anakohoa.

"Haupo au haujaonekana?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kwa picha nilizo nazo, sina njia ya kutofautisha."

"Kanuni inasema tufute."

"Kanuni inasema hivyo."

"Na wewe unashauri nini?"

Bado alitia mkono mfukoni. Humo vile vipande vinne vya karatasi vilikuwa vimelainika kwa jasho. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuombea kitu chochote kihurumiwe.

"Nashauri," alisema, "kanuni isifuatwe. Sababu sina."

Katibu aliandika sentensi hiyo jinsi ilivyo, kisha akainamisha kichwa karibu sana na karatasi, kana kwamba mwandiko wake ulikuwa mdogo mno. Mwenyekiti aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, hakuona anayetaka kumtazama, akafanya alichofanya siku zote. Akatafuta maneno ambayo yasingemnyima mtu kitu wala kumpa. Yalipopatikana, Katibu aliyasoma kwa sauti ili yathibitishwe, na sauti yake ilikuwa kavu na nzito, ila safari hii hakuwa anamwiga mtu.

"Kamati imeamua kama ifuatavyo. Sita: birika litaendelea kukaa ghorofa ya chini kwa muda. Saba: mwezi uliotajwa hautafutwa, wala hautaingizwa katika orodha ya miezi iliyothibitishwa. Utahesabiwa kuwa upo, mahali ulipo hapajulikani. Sehemu ya jina itaachwa wazi hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo."